Chekeche moja halitoshi: tunavyopima usagaji wa kahawa ya kuonjwa

Utaratibu wa kuonja kahawa unaotumika sana duniani una sentensi moja kuhusu usagaji ambayo ukiisoma haraka unaona imemaliza kila kitu. Saga, unasema, mpaka asilimia 70 hadi 75 ya chembe zipite kwenye chekeche namba 20 la kipimo cha Marekani. Chekeche hilo lina matundu ya maikroni 850, yaani pungufu kidogo ya milimita moja. Namba ipo, kifaa kinanunulika, na mtu yeyote mwenye mizani anaweza kuhakiki. Ukilinganisha na "saga wastani" au "saga kama sukari", hayo ni maendeleo makubwa.

Hata hivyo, nadhani sentensi hiyo ni nusu ya kipimo. Inatuambia kahawa iliyotoka iweje, tena kwa sehemu tu, na haisemi chochote kuhusu namna punje zinavyoingia kwenye mashine. Kwa kahawa inayosagwa kikombe kimoja kimoja, kama inavyofanyika kwenye meza ya kuonja, namna ya kuingia ina uzito mkubwa. Twende taratibu, kuanzia na swali la kwa nini jambo hili limhusu mtu asiyekuwa mwonjaji.

Alama mbili mbili

Ninazungumzia utaratibu wa alama 100 wenye fomu ya mwaka 2004, uliotengenezwa na chama cha kahawa maalumu cha Marekani, ambacho mwaka 2017 kiliungana na kile cha Ulaya na kuwa SCA. SCA ilianza kuleta mfumo mpya wa tathmini mwaka 2023, lakini lugha ya alama 100 bado ndiyo wanunuzi na wauzaji wengi wanayoielewa. Kahawa ikifika 80 inaitwa kahawa maalumu. Ikiwa chini ya hapo, ni kahawa ya kawaida, na bei huongea lugha nyingine.

Kila sampuli huonjwa kwa vikombe vitano. Kati ya vipengele kumi vya fomu hiyo, vitatu huhesabiwa kikombe kwa kikombe: kufanana kwa vikombe, usafi wa kikombe, na utamu. Kila kikombe kina alama 2 katika kila kimoja cha vipengele hivyo. Sasa tuseme kahawa inaelekea kupata 83. Kikombe kimoja kati ya vitano kikawa na ladha tofauti isiyo safi. Inapoteza 2 za kufanana na 2 za usafi, inabaki 79. Na kama waonjaji wakiamua kuandika kasoro rasmi, kuna makato mengine tena.

Fikiria hilo ukiwa Moshi, ambako Bodi ya Kahawa Tanzania ina makao yake na ambako kahawa ya nchi imenadiwa kwa miaka mingi. Nyuma ya sampuli moja kunaweza kuwa na chama cha msingi chenye wakulima wengi wadogo, kila mmoja na vihamba vyake. Wao hawapo mezani. Aliyepo mezani kwa niaba yao ni kikombe, na kabla ya kikombe kuna mashine ya kusaga. Mashine ikileta tofauti ambayo haimo kwenye kahawa, tofauti hiyo inaandikwa kwa jina la kahawa.

Ndani ya mashine

Wengi wetu tunaijua mashine ya kusaga mahindi. Nyundo zinazunguka, zinapiga punje, na chembe haitoki mpaka iwe ndogo ya kutosha kupita kwenye chekeche lililo ndani. Kwa hiyo saizi ya unga inaamuliwa na matundu. Blenda ya jikoni ni kinyume chake: haina mlango wa kutokea. Kisu kinaendelea kukata mpaka utakapozima. Saizi inaamuliwa na muda, na kwa kuwa kisu hakichagui, kuna vipande vinavyopigwa mara hamsini na vingine mara tatu.

Mashine ya kahawa yenye sahani mbili za meno iko katikati. Haina chekeche, ila ina mwanya kati ya sahani inayozunguka na ile iliyotulia. Meno ya ndani ni makubwa na yana nafasi pana. Yanaidaka punje na kuivunja vipande. Kadiri vipande vinavyosogea kuelekea ukingoni, meno yanakuwa madogo na mwanya unapungua. Chembe hutoka ikiweza kupita kwenye mwanya wa mwisho. Kwenye sahani bapa, nguvu ya mzunguko ndiyo inayoisukuma kwenda nje. Kwenye meno ya umbo la koni, inasaidiwa zaidi na mvutano wa ardhi, inateremka.

Angalia neno "ikiweza kupita". Chembe nyembamba na ndefu inapita kwenye mwanya ambao chembe ya mviringo ya uzito uleule isingepita, kama ubao unavyopenya ufa wa mlango. Ndiyo maana hata mashine nzuri hutoa chenga kidogo, yaani vipande vikubwa kuliko ulivyokusudia.

Upande wa pili kuna vumbi. Punje iliyokaangwa ni kavu na inavunjika kirahisi, na ndani yake imejengwa na seli zenye upana wa makumi ya maikroni. Kila ufa unapopita, vipande vya kuta za seli vinamwagika. Huwezi kuvunja punje bila kupata vumbi hilo, hata mashine iwe ya bei gani. Ukichora mgawanyo wa saizi za chembe, mara nyingi unaona vilima viwili: kikubwa karibu na saizi uliyoitaka, na kidogo chini ya maikroni 100.

Hapa ndipo matangazo ya mashine yanapotuchanganya. Neno "usagaji sawa" linatumika kwa mambo mawili tofauti. La kwanza ni kulingana: chembe na chembe katika kikombe kimoja zikaribiane kwa saizi. La pili ni kujirudia: kikombe cha leo asubuhi kiwe na mgawanyo uleule na kikombe kinachofuata. Mashine inaweza kuwa na vumbi jingi na bado ikajirudia vizuri. Nyingine inaweza kuwa na kilima chembamba cha kupendeza kwenye grafu, lakini kilima hicho kinahama kila unapobadilisha namna ya kumimina punje. Kwa mtu anayepika kahawa nyumbani, kulingana ni raha. Kwa meza ya kuonja, kujirudia ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu vikombe vitano vinalinganishwa.

Mdomoni mwa mashine

Anayeendesha mashine ya mahindi hamwagi debe zima kwa mara moja. Anatumia kilango cha kuteremshia, akisikiliza sauti. Mahindi yakizidi, mashine inakabwa, sauti inazama, na unga hubadilika. Kanuni hiyo inajulikana kwenye uhandisi wa usagaji wa karibu kila kitu, kuanzia nafaka hadi mawe ya madini: kasi ya kulisha ni sehemu ya mashine, sawa na mwanya au mizunguko kwa dakika. Viwanda vikubwa vya kahawa vinavyotumia jozi za roli huweka kifaa maalumu cha kuteremsha punje kwa kiasi kisichobadilika.

Faneli ya mashine ya kahawa ikiwa imejaa, punje za juu zinazikandamiza za chini. Zile za chini haziwezi kurukaruka. Zinadakwa na meno mara moja, na chumba cha kusagia kinajaa. Chembe zinabanwa si na meno tu bali na chembe wenzake, zinakaa ndani muda mrefu zaidi, na kwa kawaida vumbi linaongezeka. Faneli ikikaribia kuisha, hali inageuka. Punje chache zilizobaki zinarushwa na meno kama bisi kwenye sufuria. Zinadakwa mara moja moja, chumba kina nafasi, na zikishavunjika vipande vinatoka haraka. Mwanya ni uleule, meno ni yaleyale, lakini mgawanyo wa saizi si uleule.

Kwa hiyo kila mzigo wa kahawa una sehemu tatu: mwanzo, wakati chumba kinajaa, katikati, wakati kinachoingia kinalingana na kinachotoka, na mwisho, wakati punje zinarukaruka. Ukisaga kilo moja, katikati ni karibu mzigo wote. Ukisaga gramu chache, katikati inaweza isiwepo kabisa.

Gramu 8.25

Utaratibu wa kuonja unataka gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji. Hizo ni kama punje 60 hivi zilizokaangwa. Tena unataka kila kikombe kipimwe uzito kikiwa bado punje, kisha kisagwe peke yake. Kabla ya hapo, unataka kiasi kidogo cha sampuli hiyohiyo kipitishwe kwenye mashine ili kuondoa mabaki ya sampuli iliyotangulia.

Maagizo haya mawili nayasifu bila kusita, na sababu yake ni nzuri. Punje moja mbovu kati ya 60 inatosha kuharibu kikombe. Ukisaga gramu zote 41.25 kwa pamoja kisha ukagawa, uchafu wa punje hiyo unasambaa kwenye vikombe vitano na kila kimoja kinakuwa na sehemu ya tano yake, kasoro inajificha. Ukisaga kimoja kimoja, inabaki kwenye kikombe kimoja na inaonekana. Na mabaki si jambo dogo: nusu gramu ikibaki ndani ya mashine, ni asilimia 6 ya kikombe kinachofuata. Walioandika maagizo haya walielewa vizuri kwamba mashine ina kumbukumbu.

Lakini ona kilichotokea. Kwa kusaga punje 60 peke yake, tumechagua kufanya kazi karibu yote kwenye mwanzo na mwisho, sehemu ambazo namna ya kulisha ina nguvu zaidi. Uamuzi ni sahihi, ila una gharama, na utaratibu haukuandika namna ya kuilipa. Je, punje zimwagwe mashine ikiwa tayari inazunguka, au ziwekwe kwanza ndipo iwashwe? Zimwagwe zote kwa mkupuo au zitiririke? Mtu mmoja akifanya hivi na mwenzake akafanya vile kwenye meza moja, wote wawili wametii kila neno la utaratibu. Vikombe vyao vinaweza kutofautiana kwa sababu isiyotoka shambani.

Namba moja kwa mstari mzima

Turudi kwenye chekeche la maikroni 850. Chukua sampuli mbili za kufikirika. Katika ya kwanza, asilimia 72 ya uzito imepita, na karibu yote iliyopita iko kati ya maikroni 500 na 850. Katika ya pili pia asilimia 72 imepita, lakini nusu ya iliyopita iko chini ya maikroni 200. Chekeche linasema ni sawa. Maji hayatasema hivyo.

Eneo la nje la chembe ya mviringo kwa kila gramu linaongezeka kadiri kipenyo kinavyopungua: chembe za milimita 0.1 zina eneo mara 10 ya zile za milimita 1 kwa uzito uleule. Na muda ambao kilichomo ndani kinahitaji kufika nje hukua kwa mraba wa umbali, hivyo kipenyo kikipungua mara 10, muda unapungua kama mara 100. Vumbi linatoa vyake karibu mara tu maji yanapogusa, chenga bado inaanza. Hivyo upande wa chini wa mgawanyo, ambao chekeche namba 20 haliuoni kabisa, ndio wenye haraka kuliko wote. Ni kama kupima darasa kwa kuhesabu wangapi wana urefu usiozidi mita moja na nusu, kisha kusema umeshajua umri wao.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni ya kweli. Kahawa ya kuonjwa hulowekwa; maji yanakaa nayo kwa dakika kadhaa bila kusukumwa. Kuloweka kunasamehe mengi ambayo espresso haisamehi. Ukipika kahawa chungu ya pwani, ile iliyotwangwa kwenye kinu na kuchemshwa kwenye dele, chenga na vumbi vinapata muda wa kutosha na mwuza kahawa hana sababu ya kununua mashine ya milioni. Nakubali. Lakini msamaha huo unahusu kahawa kuwa nzuri kunywa. Meza ya kuonja inauliza swali gumu zaidi: je, vikombe hivi vitano ni kitu kimoja? Na wakiwepo waonjaji kumi badala ya mmoja, hawasaidii hapa, kwa kuwa wote wanachota kwenye vikombe vilevile.

Tafiti zinavyosomwa

Mwaka 2016 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti wa kundi lililomjumuisha mwanakemia Christopher Hendon kuhusu asili ya kahawa na jotoridi katika usagaji. Walilinganisha kahawa za nchi tofauti, ya Tanzania ikiwemo, na kuona kwamba asili haikubadilisha sana mgawanyo wa chembe. Kilichobadilisha ni baridi: punje zilizopozwa zilitoa chembe ndogo zaidi na zenye kulingana zaidi. Walifika hadi kwenye nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri za selsiasi.

Mtaani utafiti huu umekuwa "weka kahawa kwenye friza". Naona huo ni usomaji wa juujuu. Somo pana ni kwamba hali ya punje inapoingia kwenye meno inabadilisha kinachotoka, hata kama hujagusa mwanya. Ukianza kuonja asubuhi mashine ikiwa baridi na ukamaliza sampuli ya arobaini ikiwa ya moto, umesaga kwa mashine mbili. Lakini pia utafiti wenyewe unahitaji kusomwa kwa mipaka yake: ulitumia mashine ya aina moja yenye sahani bapa, hivyo "asili haijalishi" ni kauli kuhusu kahawa hizo kwenye mashine hiyo. Punje ya duara kama PB, ambayo Tanzania inaiuza kwa daraja lake, inabingirika mdomoni mwa mashine tofauti na punje bapa ya AA. Swali la kulisha halikuwa swali lao.

Utafiti mwingine, wa Joshua Méndez Harper, Hendon na wenzao, uliochapishwa kwenye jarida la Matter Desemba 2023, unalikaribia zaidi. Ulionyesha kwamba punje zikisagwa huzalisha chaji ya umeme, na kiasi na aina ya chaji vinafuata unyevu wa punje na ukaangaji wake. Chaji hiyo inafanya vumbi lishikamane na kung'ang'ania ndani ya mashine. Kuongeza maji kidogo sana kwenye punje kabla ya kusaga kunaipunguza. Maana yake kwa meza ya kuonja ni nzito: sampuli mbili zenye unyevu tofauti zinaacha mabaki tofauti ndani ya mashine ileile. Ile nusu gramu yetu si namba ya mashine peke yake. Inategemea pia kahawa.

Kinachoweza kuandikwa

Sidai utaratibu utupwe, wala sisemi kila maabara inunue kifaa cha leza cha kupimia chembe. Marekebisho ninayoyaona ni ya bei ya brashi na karatasi.

Kwanza, namna ya kulisha iandikwe kama uzito wa kahawa unavyoandikwa. Kwa mfano: mashine iwashwe kwanza, ifike kasi yake, punje zimwagwe zote kwa mkupuo, isizimwe mpaka sauti ya kuvunja iishe. Njia nyingine ikichaguliwa sawa, mradi iwe moja kwa vikombe vyote na kwa watu wote.

Pili, machekeche yawe mawili. La 850 libaki, na liongezwe la matundu madogo zaidi, tuseme ya maikroni 250 au karibu na hapo, ili angalau tuone pande zote mbili za mstari. Kahawa ya vumbi inashikamana na huziba matundu, hivyo muda na namna ya kutikisa viwe vilevile kila mara.

Tatu, pima kinachoingia na kinachotoka. Gramu 8.25 zikiingia na 7.9 zikatoka, umejua kitu kuhusu kikombe hiki na kuhusu kinachokuja. Kipimo hiki kinachukua sekunde kumi.

Nne, kikombe kimoja kikionekana tofauti, kabla ya kukata alama, saga kingine cha sampuli hiyohiyo. Ladha mbaya ikiwa inatoka kwenye punje mbovu zilizotapakaa kwenye gunia, itarudi mapema au baadaye. Ikiwa imetoka mdomoni mwa mashine, kuna nafasi kubwa kwamba haitarudi.

Mwanasayansi wa fani yoyote akipeleka majibu ya maabara bila kueleza namna sampuli ilivyoandaliwa, atarudishiwa kazi yake. Kahawa inastahili ukali huohuo, kwa sababu aliyeichuma, akaimenya na kuianika hana nafasi ya kukata rufaa dhidi ya kikombe. Alama 4 zinazotenganisha 83 na 79 zinaweza kuwa zake kweli. Basi tuhakikishe kwanza si za mashine.